Utafiti Uliofika Mpaka Kwenye Mkeka Wangu

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja wa chuo kikuu, mtandio kaufunga vizuri, mkononi ana barua yenye mhuri wa halmashauri. Alinikuta barazani nachambua vifuniko vya soda, vyekundu huku, vya kijani kule. Akaniamkia, akakaa mkekani, akaniambia anasoma shahada ya uzamili ya elimu ya awali na anaomba kukaa darasani kwangu wiki tatu. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukimaliza utarudi?" Akajibu, "Ndiyo mwalimu, kesho saa moja na nusu nitakuwa hapa." Mimi sikuwa nauliza ya kesho.

Swali hilo nimekaa nalo tangu mwaka 2008. Siku ile sikumweleza zaidi kwa sababu adhuhuri ilikuwa imeingia, ila usiku nikaona yapo mengi ya kumwambia, yeye na wenzake wanaokuja na madodoso, na walimu wa awali wanaowapokea, na wazazi ambao watoto wao ndio wanaohesabiwa. Ndiyo haya.

Nafundisha awali mjini Tanga, upande wa Ngamiani, darasa ambalo watu wazima wa huku hadi leo wanaliita vidudu. Mwaka 2008 alikuja mtafiti mmoja, mtu muungwana, mpole, hakuna ubaya wowote aliotutendea kwa makusudi. Alikaa siku nne. Alikuwa anamchukua mtoto mmoja mmoja, anamkalisha chini ya mwarobaini, anamwonyesha kadi za picha na kumuuliza hiki nini, hivi viko vingapi. Mimi naona kupitia dirishani. Kulikuwa na mtoto wa kike, mjukuu wa mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anakaa na bibi yake kwenye meza ya biashara. Mtoto yule alijua vitumbua viwili ni shilingi ngapi, alijua noti kwa rangi, alijua nani analipa papo hapo na nani ni wa mkopo. Mbele ya mgeni akanyamaza kimya. Zikapita kadi kumi, kumi na tano, macho yake yako kwenye vidole vya miguu. Nikaiona kalamu inaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Hakuwa hajui. Kwetu mtoto hufundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa usiyemjua unamwamkia, kisha unatulia. Kumjibu harakaharaka ni ujuvi, na mtoto mjuvi huletea wazazi wake maneno mtaani. Karatasi ile ilipima adabu ya nyumbani kwao, ikaiandika kuwa ni kutojua. Na picha zenyewe! Kofia ya sufu, tufaha, nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Mtoto wa Ngamiani ungemwonyesha fenesi, ngalawa, mbuzi wa kukunia nazi, angekusimulia mpaka ukachoka wewe.

Siku ya nne akafunga mkoba wake, akatushukuru, akaondoka. Hatukupata barua, hatukupata simu, wala karatasi moja. Kilichoniuma zaidi si kukosa shukrani. Baada ya mwaka mzima niligundua mwenyewe kwamba mmoja wa watoto wale alikuwa hasikii sikio la kushoto. Nilikuwa nimemkalisha upande mbaya siku zote. Yule mtafiti alikaa naye uso kwa uso karibu dakika arobaini, akimuuliza na kumrudia. Siamini kwamba hakuliona. Liliandikwa mahali fulani, likaenda na basi la asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana mtafiti nautoa kabla sijasimulia mengine: jambo linalomhusu mtoto mmoja, usingoje tasnifu ipite. Mwambie mwalimu siku hiyohiyo, kwa faragha, kabla hujapanda gari. Ukiona mtoto hasikii, haoni ubao, anasinzia kwa njaa, hiyo si takwimu ya kuhifadhi.

Utafiti ulionifaa mimi haukuja na mtafiti. Ulinijia kwa njia ya harusi.

Mwaka 2010 nilivuka Horohoro kwenda Mombasa, binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa. Jirani yao alikuwa mwalimu wa chekechea, na mimi mtu akitaja chekechea siwezi kukaa kitako. Nikamwomba niende naye kutazama. Chumba kilikuwa cha kawaida, bati juu, sakafu ya saruji, mikeka ya ukili. Lakini kimegawanywa kona kona. Kona moja ina vyombo vya jikoni, kanga zimekunjwa, kinu kidogo, kawa. Nyingine ina vifuu, magunzi, komwe na mizani ya makopo. Nyingine ina vitabu vya kushonwa kwa mkono. Watoto walipoingia waliketi duara, wakaimba, wakasoma dua, kisha mwalimu akamgeukia kila mmoja: "Wewe leo utafanya kazi gani?" Mtoto anajibu, "Mimi nitapika pilau ya mchanga," anakwenda. Baada ya muda wanarudi duarani, mwalimu anamwambia, "Haya, tusimulie." Na mtoto anasimulia! Mchanga ulikuwa mkavu, akatia maji, ukawa uji, akaongeza mchanga. Nilikaa pembeni na machozi yananilenga. Miaka sita nilikuwa nafundisha watoto kuitikia a-e-i-o-u kwa pamoja kama wanaitikia salamu, na sikumbuki hata mara moja kumuuliza mtoto leo anataka kufanya nini.

Nikauliza mambo haya yametoka wapi. Nilivyoelezwa siku ile, na nilivyokuja kusoma baadaye nilipojiunga na Chuo Kikuu Huria, ni hivi. Miaka ya 1980 wazee Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia shule ya msingi wakiwa nyuma, na hawakutaka mtoto achague kati ya chuo cha Kurani na shule. Wakapeleka ombi kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia. Kazi ikaanza Mombasa mwaka 1986, mbele yake akiwa Bi Swafiya Said, mwanamke wa hukohuko pwani. Zanzibar ikafuata mwaka 1990, Uganda mwaka 1993. Walichofanya ni kuchukua namna ya kufundisha iliyofanyiwa utafiti Marekani, wakaitia ndani ya lugha yetu, nyimbo zetu, dini na hadithi za bibi, na vifaa vya bure vinavyookotwa pwani. Ule mwenendo niliouona wa kupanga, kufanya na kusimulia ndio kiini chake.

Huko Marekani mwanzo wake ni mji mdogo wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, mwaka 1962. David Weikart alikuwa mtumishi wa idara ya elimu ya pale, akaona watoto weusi wa familia maskini wanarudishwa darasa kila mwaka, na wakubwa wanasema ndivyo walivyo. Yeye akasema tuwaanze mapema. Walikuwa watoto 123 wa miaka 3 na 4. Kwa bahati nasibu, 58 wakaingizwa darasani, 65 wakabaki kama walivyokuwa. Darasa lilikuwa saa mbili na nusu kila asubuhi, na mara moja kwa wiki mwalimu anakwenda nyumbani kwa mtoto kukaa naye na mama yake.

Hapa ndipo napenda vijana watafiti wasome polepole. Watoto wale mwanzoni waliwazidi wenzao kwenye vipimo vya akili, na baada ya miaka michache shuleni tofauti ile ikafifia. Mwenye haraka angefunga kitabu akasema kazi imepotea, na wapo waliosema hivyo. Weikart na wenzake hawakufunga. Wakawafuata watoto wale wakiwa vijana, wakiwa watu wazima, mpaka wakafika miaka 40. Waliopitia darasa lile, 77 kati ya kila 100 walikuwa wamemaliza sekondari. Wenzao ni 60. Walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi mara kwa mara walikuwa wachache zaidi. Kile kipimo cha akili kilikuwa kimetazama sehemu moja tu ya mtoto. Uvumilivu, kupanga jambo na kulimaliza, kukaa na watu, havikuwa kwenye kadi. Mimi nikisoma hivyo namkumbuka mjukuu wa mama muuza vitumbua na sifuri zake.

Halafu kuna ule utafiti ambao kwangu mimi ndio mkubwa, ingawa watu wa huku hawausikii: wa Peter Mwaura, akiwa na Kathy Sylva wa Chuo Kikuu cha Oxford na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008. Walichukua watoto 423 wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakawapima mara tatu, tangu wana miaka 4 na kidogo hadi walipopita 7. Wengine walikuwa kwenye chekechea za mpango ule wa Mombasa, wengine chekechea za kawaida, wengine walikuwa nyumbani tu. Waliosoma chekechea ya aina yoyote walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani. Na waliosoma kwenye zile za kona na kusimulia waliwazidi wote.

Nililisoma andiko lile kwa wiki nzima, kamusi pembeni. Watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama wa Ypsilanti, walilinganishwa tu vile walivyokutwa, kwa hiyo lazima mtu awe na tahadhari kidogo. Lakini hawa ni watoto wa huku. Wanakula mihogo ya nazi kama wangu. Kabla ya hapo kila nilipopewa mafunzo, mifano ilikuwa ya Ulaya, na rohoni nilikuwa na jibu tayari: huko wana vifaa, huko wana walimu wawili kwa watoto kumi. Mwaura alininyang'anya jibu hilo.

Mwalimu mwenzangu, ukisikia neno "utafiti unaonyesha" kwenye semina, usiitikie tu. Uliza watoto walikuwa wangapi na wa wapi. Uliza walilinganishwa na nani. Uliza walifuatwa kwa muda gani. Aliyeusoma kweli atakujibu kwa furaha. Asiyeweza kujibu, mshukuru, na mambo yake uyaweke akiba kwanza.

Sasa nisimulie nilivyojaribu, kwa sababu kujua ni jambo moja na Ngamiani ni jambo jingine.

Niliporudi Tanga niliweka kona tano kwa siku moja. Nilikuwa na watoto 41 wakati ule na mikeka mitatu. Ilikuwa vurugu. Mchanga ulifika mpaka kwenye madaftari ya darasa la kwanza, watoto wawili waliumana kwa ajili ya komwe, na kabla ya saa nne mkuu wa shule alikuwa mlangoni amesimama. Akaniambia, kwa heshima, kwamba wazazi wanapita barabarani na wanaona. Nilirudi kwenye a-e-i-o-u kwa wiki mbili, nimevunjika moyo. Kosa langu lilikuwa kuleta matunda bila mti. Wale wa Mombasa walikuwa wamefundishwa, wakatembelewa, wakasahihishwa, miezi na miezi. Mimi nilitazama asubuhi moja.

Nilipoanza tena nilianza na kona mbili tu, ya kuhesabu na ya nyumbani, na kundi moja kwa wakati. Wengine wako nje na wimbo wa ukuti ukuti au wanasikiliza hadithi. Kila kundi nikalifunga utepe wa rangi mkononi, nyuzi nikazichambua kutoka kwenye katani, nikazitia rangi. Katani kwetu haina gharama, na napenda kuwaambia watoto historia yake: ililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida, ikafika miche 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikokwe kule Pangani. Ilikuwa mgeni. Ilipokutana na udongo wetu na watu wa kuihudumia, ikawa ya Tanga. Mimi namna hii ya kufundisha naiona hivyohivyo, ndiyo maana sisikii vizuri mtu akiniambia ni mambo ya kizungu.

Kona ya tatu niliiongeza baada ya miezi mitatu. Ya nne sikuweza mpaka mwaka uliofuata. Kusimulia ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko vyote. Watoto walikuwa wananitazama tu: mwalimu anauliza nini ambacho hakina jibu moja? Kulikuwa na mvulana wa Kidigo, nyumbani kwao hawasemi Kiswahili sana, miezi mitatu sijasikia sauti yake. Siku moja alijenga kitu kwa vifuu. Nikamwambia asimulie kwa lugha ya kwao. Akasema maneno mengi mfululizo, mwenzake mmoja anayeelewa akatutafsiria: ni bandari, na hii meli imechelewa kwa sababu ya upepo. Tangu siku hiyo akawa anazungumza, kwanza Kidigo, kisha mchanganyiko, kisha Kiswahili cha kuchekesha chenye ladha ya kwao. Sikuwa nimemfundisha Kiswahili. Nilikuwa nimemuuliza jambo analolijua.

Januari 2016 ada na michango ilipoondolewa, wazazi waliokuwa hawajawahi kuleta watoto wakawaleta, na ni jambo jema sana. Nchi nzima idadi ya watoto wa awali iliruka kutoka kama milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka mmoja. Kwangu walifika 97. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu. Nitasema wazi: kwa watoto 97 na mwalimu mmoja, kona hazifanyi kazi kama kwenye andiko la Mwaura, na anayekwambia zinafanya hajawahi kuingia. Nilichoweza ni kuomba akina mama wawili wa mtaani waje siku tatu kwa wiki, kwa zamu, na kugawa watoto mikondo miwili ya asubuhi. Mmoja wa akina mama hao alikuwa hajui kusoma. Alikuwa mwalimu bora wa kona ya nyumbani niliyewahi kumwona, kwa sababu alikuwa anazungumza na watoto kama watu. Mtafiti unayesoma haya, ukija kupima darasa kama hilo, andika idadi ya watoto ukurasa wa kwanza, usiifiche kwenye jedwali la nyuma.

Kwa wazazi nina maneno mahususi, maana vita yangu kubwa imekuwa ya daftari. Mzazi anataka afungue daftari la mtoto wa miaka mitano aone kurasa zimejaa herufi. Asipoziona anasema, "Mwalimu, mwanangu anacheza tu." Namwelewa. Elimu ndiyo urithi anaoweza kumpa. Wengine wanawapeleka watoto tuisheni jioni, au wanajibana kupeleka mchepuo wa Kiingereza mtoto ambaye hata sentensi ya Kiswahili hajaimaliza. Huwa nawasimulia jambo jingine la Ypsilanti. Mwaka 1967 Weikart na wenzake waliwagawa watoto 68 katika madarasa ya namna tatu, mojawapo likiwa la kukaririshwa na kujibu kwa mpangilio wa mwalimu. Miaka ya mwanzo matokeo yalikaribiana. Walipofika miaka 23, wale wa kukaririshwa ndio waliokuwa na matatizo mengi zaidi na sheria. Watoto 68 ni wachache na wataalamu wanabishana juu yake, tusiukuze. Ila unatosha kumfanya mzazi asimame kidogo kabla hajamwondoa mtoto kwenye mchanga.

Kilichowatuliza wazazi wangu si maneno hayo lakini. Ni siku ya kusimulia. Kila mwisho wa mwezi, Ijumaa kabla ya sala, nawakaribisha wakae kwenye mkeka, na mtoto anaonyesha alichofanya. Baba mmoja mvuvi alikuja amenuna. Mwanawe akapanga vifuniko kumi na viwili mafungu matatu, akasema, "Hawa samaki wa baba, hawa wa mwenye chombo, hawa wa baharia." Baba akahesabu mwenyewe, kimoyomoyo, midomo inacheza. Hakusema kitu. Jumatatu akaleta mfuko wa makombe ya bahari kwa ajili ya kona.

Na wenye watoto wachanga zaidi, ambao bado hawajafika kwangu, msingoje chekechea. Jijini Kingston, Jamaika, mwaka 1986, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kazi na watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Mhudumu wa afya wa mtaani alikuwa anakwenda nyumbani saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, midoli imetengenezwa kwa makopo na vitambaa. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kinachozidi cha wenzao waliodumaa kwa asilimia 25. Kundi jingine kati ya watoto hao lilipewa maziwa peke yake, na faida yake haikudumu hivyo. Chakula ni lazima, sitaki mtu anielewe vibaya, hapa kwetu udumavu tunao. Nasema tu kwamba unapopeta mchele na mtoto yuko pembeni, zungumza naye. Mwambie hizi ni pumba, hii ni chenga, hebu nitafutie jiwe. Haya yote sasa yameingia mpaka kwenye programu ya taifa ya malezi na makuzi, ile iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inayomtazama mtoto tangu tumboni hadi miaka 8. Kazi za watu wa Kingston na Michigan zimo humo ndani, hata kama mama anayezifuata hatajua majina yao.

Ndiyo nirudi kwa yule binti, maana aliniuliza pia, siku ya pili, jinsi ya kufanya kazi yake iwe na athari. Msimamizi wake kamwambia alenge jarida zuri, anukuliwe. Sina neno na hilo, mtu ana cheo cha kutafuta na jarida ndilo linalohifadhi. Lakini mimi andiko la Mwaura nililikuta miaka baada ya kuanza kuliishi. Yaliyomo yalinifikia kwanza kupitia mwalimu wa Mombasa ambaye alirudishiwa majibu kwenye semina, kwa Kiswahili, akanigawia mimi kwa sababu shangazi yangu ni jirani yake. Kama watafiti wale wangemaliza wakaondoka kama mgeni wangu wa 2008, mimi leo ningekuwa bado naitikisha a-e-i-o-u. Kwa hiyo nilimwambia hivi. Siku tatu za mwanzo usiandike kitu, wala usimwite mtoto chini ya mti. Kaa mkekani, chambua vifuniko, wakuzoee mpaka waache kukuamkia kwa woga. Picha zako ziwe za vitu vya Tanga, na nionyeshe kabla hujazitumia. Na kwenye bajeti yako weka nauli ya kurudi, iandike kabisa, kama unavyoandika karatasi na wino. Ukirudi, leta kurasa mbili za Kiswahili chepesi, tuzisome kwa sauti siku ya kusimulia, wazazi wakiwepo. Ukiona maneno yako hayasomeki mbele ya akina mama wa Ngamiani, basi huenda na wewe hujayaelewa bado.

Alinyamaza kitambo. Akasema nauli ya kurudi hakuiweka. Nikamwambia tutaitafuta.

Leo ni wiki yake ya tatu. Asubuhi amekaa duarani, magoti kayakunja, daftari kaliacha kwenye mkoba. Nilikuwa nimezunguka karibu watoto wote nikiwauliza kazi zao, nikamruka yeye. Mtoto aliyekaa kando yake, ambaye wiki ya kwanza alikuwa anajificha nyuma ya gauni langu kila akimwona, akamvuta mkono wa nguo, akamuuliza kwa sauti ya kumkemea kidogo: "Na wewe leo utafanya kazi gani?"

Akasema anataka kupika pilau. Wakaenda wote kwenye mchanga.